Hapa Hatuuzi Nusu

Dukani, Chang'ombe, saa nane mchana

Mwanangu Sechelela,

Habari za afya hatuna haja ya kuulizana, maana asubuhi tumekunywa chai meza moja na kikombe chako umekiacha kimeoshwa kama kawaida yako. Mambo ya safari ya chuo sitayagusa. Mama yako ameshakueleza habari za zipu ya begi, maji ya kuchemsha na watu wa stendi, mara tatu kwa hesabu yangu, na ya nne inakungoja ukirudi kutoka Nkuhungu kumuaga shangazi yako. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta na daftari la oda, naandika nyuma ya karatasi zake, na karatasi mbili nimeshazichana. Unanijua. Ningekuwa naandika habari za ng'ombe ningekuwa nimeshamaliza.

Sasa hivi ametoka mteja, mzee wa Hombolo mwenye mbuzi tisa. Alitaka dawa ya minyoo. Akasema, "Bwana mifugo, nipimie nusu chupa tu. Mbuzi wangu wadogo." Nikamwonyesha kibao kwa kidole. Akakisoma taratibu, akageuka: "Mbona wenzako wanapima? Siku hizi si biashara huria?" Nikamwambia ni huria kweli, ndiyo maana na mimi niko huru kukataa. Amenunua chupa nzima, lakini ametoka akinung'unika kwamba duka hili lina jeuri kuliko ofisi ya serikali.

Kibao hicho ulikiandika wewe mwenyewe, likizo ya kidato cha pili, kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la kanisa. HAPA HATUUZI NUSU. Ulicheka mpaka ukaharibu ile U ya mwisho. Ukaniuliza, "Baba, wewe umefungua duka la kuuza au la kufukuzia watu?" Nikakujibu kwamba dawa pungufu inamkomaza mdudu. Ni kweli, inamkomaza. Ila sababu ya kibao haikuwa hiyo, na tangu siku ile natafuta pa kuanzia.

Naanzia Busi, basi.

Kabla hatujapunguzwa kazini na kabla ya duka hili, nilikuwa bwana mifugo wa serikali kule Busi, hilo unalijua. Usichokijua ni jinsi nilivyokuwa nikijiona. Nilikuwa na pikipiki, nilikuwa na buti za mpira, na nilikuwa na ule utepe wa kupima kifua cha ng'ombe ambao ukiuzungusha unakwambia kilo zake bila mzani. Watu walikuwa wanaacha kuongea nikifika. Nilipenda sana hilo, siwezi kukuficha.

Kulikuwa na mama mmoja pale kijijini, Mama Hawa, Mrangi, mjane. Ndama wake watatu walishikwa na ndigana, ile homa ya kupe, kwa mpigo. Mwaka ule dawa zilikuwa hakuna. Serikali ilikuwa imeanza kuachia mambo yajiendeshe yenyewe, na stoo yetu ilibaki na mapanya. Mama Hawa alipata chupa moja ya sindano, dozi ya ndama mmoja, akaigawa kwa watatu. Wawili walikufa. Nilimsimamisha pale josho, mahali tulipokuwa tunaogesha mifugo, mbele ya watu wote, nikamfanya mfano. Nikasema, "Ukimpa mgonjwa dawa haba unaufundisha ugonjwa namna ya kuishi nayo." Nilikuwa na sauti kubwa wakati ule. Yeye alivuta kanga yake, akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Bwana mifugo, mimi nilikuwa na watatu. Ningemchagua nani?" Nikaita ng'ombe wa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata ukavimba shavu wewe.

Ulikuwa na miaka sita. Tulidhani jino. Mama yako akakusukutulisha maji ya chumvi, mimi nikasema litang'oka lenyewe. Shavu la kushoto likakua mpaka jicho likaanza kufumba, na meno yakawa yanacheza bila damu. Hapo ndipo tulipopanda treni kwenda hospitali kubwa ya Dar, mimi na wewe, mama yako akabaki na mdogo wako aliyekuwa hajatimiza miezi mitatu. Daktari alikuwa mama mfupi, mwenye kusema maneno machache. Akasema ni saratani ya taya, inawapata sana watoto, inakua haraka lakini inasikia dawa. Siku ya nne baada ya sindano ya kwanza uvimbe ulikuwa umenywea, ukaomba ubuyu. Nililia chooni. Hilo nalo hukulijua.

Asubuhi za sindano ulitapika mpaka ukabaki macho. Jioni nakukuta kwenye korido unasukuma kiti cha magurudumu, mwenzako kakaa, kichwa huna hata unywele mmoja, mnacheka. Wauguzi walikuwa wanakufukuza kila siku.

Ng'ambo ya korido ile walilala wanaume. Alikuwepo mwalimu mmoja wa Singida, kilo sitini na tano, mtu wa heshima zake, ambaye alikuwa anapewa dawa zile zile. Nilizijua kwa majina kwenye karatasi ya kitandani. Yeye hakusukuma kiti. Mdomo wake wote ulikuwa vidonda, maji ya kunywa alikuwa anayaogopa. Nilikuwa namwosha uso jioni, na tulizoeana. Siku moja nikamuuliza, "Mwalimu, vile vidonge vyeupe unameza vingapi?" Akaninyooshea vidole vitano. Wewe ulikuwa unapewa viwili.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa kalamu. Nilitoa kidaftari changu nikapiga hesabu ya bwana mifugo. Kilo sitini na tano, vidonge vitano. Kilo kumi na nane, je? Kimoja na kidogo. Wewe unapewa viwili. Kwa kila kilo ya mwili wako ulikuwa unakula dawa mara moja na nusu ya mwanamume mzima ambaye dawa hiyo hiyo ilikuwa inammaliza mbele ya macho yangu. Nikarudia hesabu mara tatu, ikaja ile ile. Nikasema moyoni, huyu mama kakosea. Nilikuwa nimefanya kazi na dawa miaka kumi na moja, na ofisi ya daktari ilikuwa hatua ishirini kutoka nilipokaa. Sikwenda kuuliza, kwa sababu nilikuwa na jibu.

Wiki ile Mwalimu alifariki. Labda ugonjwa, labda dawa, sikuuliza vilevile. Nilichokiona ni shuka.

Tukaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya kumalizia, siku kumi na mbili, viwili kila asubuhi. Mama yako alikuwa anahesabu pakiti, kwa hiyo ilikuwa lazima vitoke viwili. Mimi ndiye niliyekuwa nakunywesha. Kila asubuhi, kabla hujaamka, nilikuwa naenda nyuma ya nyumba na kile kisu changu cha kuchongea kwato, nilichokiosha kwa spiriti kama fundi, nakata vidonge viwili katikati. Vipande viwili nakuwekea ndani ya ndizi. Vipande viwili natia kwenye kopo tupu la dawa ya kupe, nafunga, naweka juu ya kabati. Nikikuangalia unacheza najisifu. Nilijiona nimemwokoa mwanangu kutoka kwa daktari wake.

Mwezi wa pili baada ya hapo jino likacheza tena, upande ule ule.

Tulirudi Dar wewe umelala mapajani kwangu njia nzima. Daktari akakupima, akakuacha umelala kwenye benchi, akanifungia mlango. Akauliza, "Vidonge alimeza vyote?"

Nikasema, "Vyote."

Aliweka kalamu chini. Nakumbuka alivyoiweka, taratibu, sambamba na kitabu. Akasema, "Kama alimeza vyote na uvimbe umerudi mapema hivi, basi dawa hizi zimemshindwa, na mimi nyingine hapa sina. Nitakuandikia za maumivu. Mkakae naye nyumbani."

Nilisema ahsante, Seche. Nilimshukuru, nikatoka. Nikakaa kwenye kidaraja cha saruji karibu na bomba la maji, wewe begani. Sikuwa nafikiri kitu cha maana. Nilikuwa namwona Mama Hawa anavuta kanga yake. Yeye alikuwa na chupa moja na wagonjwa watatu. Mimi nilikuwa na dawa kamili na mgonjwa mmoja.

Nikarudi. Alikuwa na mgonjwa mwingine, nikaingia hivyo hivyo. Nikasema, "Daktari, nimekudanganya. Alimeza nusu. Nilikata mimi." Nikamweleza habari ya Mwalimu, nikamtolea mpaka kidaftari. Nilitegemea atanifukuza, na kwa kweli nilikuwa nataka anifukuze.

Yule mama alisoma hesabu yangu yote. Akasema, "Hesabu yako ni sahihi, bwana mifugo. Ila umempigia mtu mwingine." Akavuta kiti. Akanieleza kwa maneno ambayo nayakumbuka kama nilivyokariri katekisimu, na wewe chuoni utayapata marefu zaidi, lakini chukua haya mafupi. Akasema mtoto si mtu mzima aliyepungua kilo. Ini lake, ukilinganisha na mwili wake, ni kubwa kuliko langu, na linachakata haraka. Figo zake zinachuja haraka. Dawa inayokaa ndani ya mtu mzima ikimchoma mdomo na matumbo, kwa mtoto wa miaka sita inapita upesi, inavunjwavunjwa na kutoka kabla haijamaliza kazi. Ndiyo maana anapewa nyingi kuliko kilo zake zinavyodai, ndiyo maana anatapika asubuhi na jioni anasukuma kiti. Ndiyo maana hawampimi kwa kilo peke yake, wanachukua na urefu, wanatafuta ukubwa wa ngozi yake yote, wanapima kwa huo. Nikauliza, kwa hiyo kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo anavyohitaji kuzidishiwa? Akatikisa kichwa. "Hapana. Mtoto mchanga ini lake bado linajifunza kazi, huyo ukimpa hivyo unamuua. Kila umri una mwili wake. Ndiyo maana tupo, na ndiyo maana tunaomba mtuulize."

Halafu akasema, "Siwezi kukuapia kwamba ugonjwa umerudi kwa sababu yako. Hurudi hata kwa waliomeza vyote. Na siwezi kukuondolea pia." Akachukua ile kalamu. "Lakini kama alipata nusu, basi dawa hatujaijaribu bado. Tunaanza upya leo." Akanipa sharti moja: nikienda nyumbani nirudi na lile kopo la vipande, ahesabu mwenyewe. Nililipeleka. Alivimwaga mezani, akahesabu, akaandika, akanirudishia kopo tupu.

Miezi minne ulikaa wodini safari ile. Magego ya kushoto yalikwenda, na ukapoteza mwaka wa shule. Mpaka leo unatafunia upande mmoja, na mimi mpaka leo nikikuona unatafuna mahindi nageuza uso. Ukaniuliza juzi kwa nini sipendi mahindi ya kuchoma.

Haya yote ningeweza kukwambia zamani, nikaomba radhi, tukaendelea. Ninaloogopa kuliandika ni hili linalofuata, na ndilo lililonichanisha karatasi mbili.

Ulipokuwa unajiandaa na kipaimara, mchungaji aliwaambia mkatubu kwanza kwa wazazi wenu. Ulikuja hapa hapa dukani, miaka kumi na miwili, umevaa gauni la shule. Ukasimama pale kwenye magunia ya pumba. Ukasema, "Baba, nataka kukwambia kitu usinipige. Ule ugonjwa uliorudi ni mimi. Kuna siku nilitema dawa. Ilikuwa chungu. Niliifukia kwenye mchanga chini ya mtungi. Nilitema moja tu, baba."

Nami nikakujibuje? Nikakuwekea mkono kichwani nikasema, "Yamepita, mama. Usiwaze." Nikakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na kwa sababu nilikuwa nabembeleza. Nilikuwa na ukweli wote mdomoni, nikakuacha uondoke na dhambi yangu kwenye gauni lako. Kukata vidonge nilikata kwa ujinga na woga, na ujinga na woga Mungu anavijua. Hili la pili nililifanya nikiwa na akili zangu zote.

Tangu siku ile nimekuangalia. Husazi chakula. Dawa ya mafua unameza mpaka kidonge cha mwisho hata kama umepona. Wadogo zako wakiumwa unakaa nao ukiwashika taya mpaka wameze. Na ulipojaza fomu ukaandika ufamasia, watu wote wa kanisani wakasema Seche amemfuata baba yake kwenye dawa, nikatabasamu. Mimi nilijua unamfuata nani. Unamfuata yule mtoto wa chini ya mtungi, unamlipia.

Mama yako anajua habari ya kisu. Nilimwambia mwaka ule ule, tuliporudi. Wiki mbili alinipikia, akanitengea, hakunisemesha. Siku ya kwanza aliyofungua kinywa alisema, "Utamwambia mwenyewe siku ambayo anaweza kuondoka na kukuacha. Kabla ya hapo utakuwa unamtwika." Nimeyashika maneno hayo. Ila la mtungi sikumwambia mpaka jana. Akaniangalia sana, akaenda kuanua nguo zako. Kwa hiyo alipokupa maelekezo ya zipu kwa mara ya nne, ujue hakuwa anasemea zipu.

Mama Hawa nilimwendea pia, kabla hatujahama Busi. Nilimkuta anakamua. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyomtolea pale josho. Akaniuliza, "Mtoto yupo?" Nikasema yupo. Akasema "Alhamdulillahi," akanipa maziwa kibuyu kizima nikuletee. Ulikunywa ukasema yana moshi.

Sina ushauri mwingi, Seche. Wakufunzi utawakuta huko na wanajua kuliko mimi. Mmoja wao atasimama ubaoni siku moja aanze habari ya ini la mtoto na ini la mtu mzima, kwa majina marefu, na wenzako wataandika tu. Nilitaka siku hiyo isikukute unajifunza kitu ambacho baba yako alikijua na akakuficha. Na utakapokuwa na dirisha lako la dawa, atakuja mzazi mmoja mwenye hesabu zake, msafi, mwenye kujiamini, hana swali hata moja. Huyo ndiye wa kumkalisha kwenye kiti. Wenye maswali watajisaidia wenyewe.

Barua hii naiweka ndani ya bahasha ya vyeti vyako, ambayo najua utaifungua mwenyewe ukifika. Kesho stendi nitakuwa nagombana na utingo juu ya begi lako, usidhani sikuwa na la kusema. Ukishasoma, ukiwa na hasira na mimi, kaa nayo kadiri utakavyotaka. Usinisamehe haraka kwa sababu ya adabu. Adabu unayo nyingi, tena nyingine nakuogopea. Ukiandika kwa mama yako peke yake, nitasubiri.

Jambo moja tu naomba ulifanye leo hii, kabla hujakunja karatasi. Siku kumi na mbili, viwili kila asubuhi, kila kimoja nilikikata kabla hakijafika mdomoni kwako. Hata hicho ulichokitema kilikuwa nusu, mwanangu. Chini ya mtungi kulikuwa na kipande kimoja. Kwenye kopo langu daktari alihesabu ishirini na vinne.

Piga hesabu wewe sasa, halafu mwachie yule mtoto aende akacheze.

Mimi baba yako,
bwana mifugo